Chupa ya Nne

Benedikta alikuwa amekwisha kukiri, na hilo ndilo lililomkera Sajini Mboni kuliko yote.

Karatasi ya maelezo ilikuwa mezani, chini yake alama ya dole gumba la wino. Benedikta, mwanamke wa Ndanda, mwuza maji ya ukwaju nyuma ya Mtaa wa Mafia, Kariakoo. Alhamisi ya wiki ile ya masika, mwaka wa sabini na sita, watu kumi na mmoja walikunywa kwake. Jioni wakaanza kuhara na kutapika hata macho yakazama ndani. Kumi wakapona. Wa kumi na moja, mtoto Josepha wa miaka sita, akafa Ijumaa kabla ya adhuhuri.

"Jumatatu anasimama mbele ya hakimu," alisema Inspekta Bakili. "Tuna maelezo yake, tuna shahidi. Unataka nini tena, Mboni? Tukupigie ngoma?"

"Amekiri nini, afande? Soma tena. Amekiri kwamba siku ile hakuchemsha maji, mkaa wake ulilowa. Hakukiri kwamba alichota mtaroni. Hilo la mtaroni ni la shahidi peke yake."

"Maji ni maji."

"Siyo, afande. Kutochemsha maji ya bomba ni uzembe. Kuchota maji ya mtaro ukawanywesha watoto wa watu ni kuua. Baina ya hayo mawili mama huyu anaweza kuzeekea gerezani."

Bakili alisugua paji la uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mafaili mengi. "Shahidi ni Mzee Kitwana. Balozi wa nyumba kumi. Mtaa mzima unamwamkia."

"Ndiyo. Na anasema alimwona saa sita mchana ameinama mtaroni na ndoo. Mvua ilikatika kabla ya saa nne."

"Madimbwi hubaki."

"Labda." Mboni alivaa kofia yake. "Leo Jumamosi. Niachie mpaka jioni."

"Mpaka jioni. Ukirudi mikono mitupu, kesho asubuhi unaongoza magari Mnazi Mmoja."

*

Mtu wa kwanza kumwendea alikuwa Devendra Mansukhlal, na alimwendea kwa sababu ya uvumi tu: kwamba yuko Mhindi wa maabara ya maji ambaye mvua ikinyesha, wenzake wakikimbilia barazani, yeye hukimbilia mtaroni na chupa.

Alimkuta katika chumba chembamba, Jumamosi hiyo hiyo, amezungukwa na chupa zenye vibandiko. Mbele yake mashine ya kuhesabia ya kuzungusha kwa mkono, na ukutani karatasi ya miraba imejaa nukta kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Katikati ya nukta umepita mstari mmoja.

"Ndugu Devendra, nimeambiwa unatabiri uchafu."

"Waganga ndio hutabiri, Sajini. Mimi nahesabu." Alikuwa mzaliwa wa Mtaa wa Kisutu, na Kiswahili chake hakikuwa na lafudhi ya ugenini. "Miaka mitatu, mvua arobaini na moja. Mtaro unaoanzia sokoni ukaishia mtaa wa Gerezani nimeuwekea vituo vitatu. Kila mvua, kila kituo, chupa sita. Moja kila baada ya dakika tano. Mimi nasimama cha pili, vibarua wangu wawili wanasimama cha kwanza na cha tatu."

"Ukishapata chupa?"

"Napima. Tope, chumvi, choo. Halafu najiuliza: kabla ya mvua hii jua limewaka siku ngapi? Mvua imepiga kwa nguvu gani? Dakika ngapi tangu ianze? Nikijua hayo matatu, mstari huu unaniambia maji yatakuwa machafu kiasi gani kabla sijayachota."

Mboni aliutazama ukuta. Alikuwa mtu wa vitendawili tangu utotoni. Hata mahabusu wake aliwategea.

"Kitendawili," akasema.

Devendra alishtuka, kisha akatabasamu. "Tega."

"Nimelala barabarani siku kumi na mbili, hakuna aliyeniamsha. Mgeni kapita dakika kumi, nikamfuata hadi baharini."

"Taka, na mgeni ni mvua." Akacheka kwa pua. "Hapo umeimaliza kazi yangu kwa pumzi moja, Sajini, nami imenila miaka mitatu. Ndivyo ilivyo. Taka ya barabarani hukusanyika wakati wa jua, mvua ikija huondoka na maji ya mwanzo. Chupa ya kwanza chafu, ya pili nafuu, ya tatu nafuu zaidi. Hushuka, hushuka. Daima."

"Na Alhamisi?"

Kicheko kikakatika. Devendra aliondoka kwenye kiti, akafunga mlango, akarudi.

"Alhamisi nilidhani nimekosea," alisema polepole. "Nimerudia kupima mara nne. Sikumwambia mtu. Mtu anayejisifia mstari wake, mstari ukamsuta, ataanzia wapi kusema?"

Alisukuma daftari. Kituo cha pili, Alhamisi, mvua imeanza saa tatu kamili. Mistari miwili ya namba za chumvi: iliyotazamiwa na iliyopimwa. Chupa ya kwanza, mia tatu kwa mia tatu na kumi. Ya pili, mia mbili kwa mia moja na tisini. Ya tatu, mia moja na thelathini kwa mia moja na thelathini. Ya nne, tisini kwa mia nne na hamsini.

"Imepanda," alisema Mboni.

"Mara tano. Katika mvua arobaini na moja, sijapata kukosea zaidi ya humusi moja. Na choo ndani ya chupa hiyo, usiulize. Juu yake utando wa mafuta ya taa."

"Kituo cha kwanza je? Juu, sokoni?"

"Hakuna kitu. Mstari umetii. Cha tatu, chini Gerezani, imepanda chupa ya tano. Dakika tano baadaye."

Mboni aliweka kidole baina ya kituo cha kwanza na cha pili kwenye ramani. "Basi kimeingia hapa. Na kimeingia mvua imekwisha kukolea, si mwanzo. Kingekuwa kimelala chini kingeondoka na chupa ya kwanza."

"Mstari unasema lini, Sajini. Hausemi nani."

"Hilo ni langu. Sasa niambie, maji ya mtaro yanafikaje kwenye bomba?"

"Bomba la mtaa limekatiza chini ya mtaro, hatua tatu kutoka kituo cha pili. Lina ufa. Mtu kaufunga kwa mpira wa baiskeli. Maji yakija kwa nguvu, ufa unavuja nje. Yakikatika, bomba linanyonya ndani. Alhamisi yalikatika saa tatu na robo, yakarudi kabla ya saa sita."

Wengine waliochota saa ile walipikia ugali, walichemshia chai. Benedikta peke yake ndiye aliyewauzia watu yakiwa mabichi. Hapakuwa na haja ya mtu kuinama mtaroni. Mtaro wenyewe ulikuwa umeingia bombani.

"Kuuziba ufa ni kazi ya mafundi wa bomba," akasema, "na leo Jumamosi, hawapo. Funga chumba. Chukua chupa zako."

*

Kati ya vituo vile viwili palikuwa na nyua sita zenye matundu ya kutolea maji mtaroni. Chumvi ilimpeleka Mboni kwenye ua mmoja moja kwa moja: ua wa Awadhi, mwuza ng'onda, ambaye hununua samaki Feri, huwapasua, huwatia chumvi na kuwaanika juu ya machanja. Chumvi nyeupe ilikuwa imetapakaa sakafuni hata nyayo zikalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua au kunifunga? Watu wa kofia hiyo hawaji kwangu kwa samaki."

"Unaosha sakafu lini?"

"Mvua ndiyo inaosha. Naipa riziki."

"Alhamisi ulimwaga nini mtaroni?"

"Nilichomwaga Jumatano, na mwaka jana, na mwaka juzi. Maji ya chumvi." Awadhi alipangusa kisu kwenye kikoi. "Miaka tisa niko hapa. Kama chumvi yangu inaua, basi Kariakoo nzima tungekuwa tumekwisha kuizika."

Mboni alimgeukia Devendra. Devendra alikuwa tayari anatikisa kichwa.

"Chumvi yake ninayo kwenye mstari," alisema. "Iko chini, inaondoka na chupa ya kwanza, kila mvua, miaka yote mitatu. Mzee huyu nimemhesabu kabla sijamjua. Ile ya chupa ya nne ni ya mgeni."

"Mhindi huyu ananihesabu?" Awadhi aliuliza.

"Anakutetea, mzee. Nyamaza," Mboni akasema. Njia aliyoitegemea ilikuwa imeziba. Saa ya mkono ilisema saa saba na nusu, na upande wa bahari wingu lilikuwa limekaa zito, rangi ya sufuria. "Chumvi nyingi, choo na mafuta ya taa. Nani mtaa huu anachanganya vitu kama hivyo?"

Awadhi akaangua kicheko mpaka akakaa juu ya kreti.

"Ee, mwanangu! Wewe unakaa wapi?"

"Kota za polisi."

"Kwenye choo cha kuvuta mnyororo! Ndiyo maana. Wenzako huku tuna shimo. Likijaa wanaitwa wapakuzi. Na mpakuzi haingizi ndoo hivi hivi. Kwanza anamwaga chumvi, gunia zima, shimo litulie lishuke. Halafu mafuta ya taa, kuua harufu na funza. Bila hivyo hawafanyi, hata uwape nini. Ndiyo desturi yao."

"Na kinachopakuliwa?"

"Kinangoja." Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Mchana wa jua utamwaga wapi, majirani wakuone? Unangoja mvua. Si ya mwanzo. Ya mwanzo mtaro bado haujawa na nguvu, mzigo utalala mlangoni pako. Unangoja maji yapande, yavute. Ndipo unamwaga. Kila mtu anajua, hakuna anayesema, maana kesho zamu yake."

"Alhamisi ni nani?"

"Mimi mtu wa samaki."

"Mzee Awadhi. Amekufa mtoto."

Awadhi aliweka kisu chini. "Sikuona. Wallahi sikuona. Ila nakwambia moja: shimo la nyumba kubwa haliishi kwa mvua moja. Linataka mbili, tatu."

Mboni alitoka uani. Alitoa mfukoni nakala ya maelezo ya shahidi, akasoma tena mstari uliomkwaruza tangu jana. Mzee Kitwana alieleza Alhamisi saa kumi na mbili jioni, wakati madaktari wenyewe hospitali walikuwa bado wanawauliza wagonjwa wamekula nini. Wapo waliosema ni samaki, wapo waliosema ni maembe. Yeye peke yake alikwisha kusema: *alichota maji yenye choo.*

Alikijuaje choo, chupa ya Devendra ikiwa bado haijafunguliwa?

*

Saa nane wingu lilikuwa limefika juu ya soko. Mboni alikwenda kwenye bomba la mtaa, akatoa pingu, akafunga pete moja kwenye koki na nyingine kwenye nguzo. Koki haikuzunguka tena.

Wanawake wenye ndoo walimzingira kama nyuki.

"Dada, bomba nalo limeiba nini?"

"Limekamatwa kwa uzururaji hilo!"

"Sisi tupikie nini? Kofia yako?"

"Mama zangu, saa moja tu."

"Saa moja mume wangu amekuwa wa mwingine!" alisema mmoja, na wenzake wakacheka, lakini nyuma yao mwingine hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini iliyosikika na wote: "Mchawi wenu mmekwisha kumfunga. Yule Mndanda. Mnatutesa sisi kwa nini?"

Mboni aliijaribu pingu tena. Angesema nini? Akisema anachodhani, kabla matone hayajaanguka habari ingekuwa imefika kila ua, na hakuna ambaye angeinua ndoo. Akinyamaza, na mvua ikapita bure, kesho yuko Mnazi Mmoja na filimbi, na Benedikta yuko Jumatatu kizimbani.

Devendra alichutama kando ya mtaro chini ya mwavuli, mapajani kipimo chake chenye mshale unaosoma chumvi. Kwenye daftari alikuwa amekwisha kuandika namba, wino haujakauka.

"Siku mbili tu za ukavu," alisema. "Hapana taka nyingi. Natazamia mia moja na ishirini, themanini, hamsini, thelathini na tano."

"Na asipomwaga?"

"Nitakuwa na mvua ya arobaini na tatu, nawe utakuwa na filimbi."

Tone la kwanza lilianguka juu ya kofia ya Mboni. Kisha mbingu zikapasuka.

Kariakoo ikakimbia. Wauza nguo wakafunika meza, wanawake wakajibana barazani wakisonya, mtaro ukaanza kunong'ona, kisha kusema, kisha kunguruma. Dakika tano. Devendra akazamisha chupa, akatumbukiza kipimo.

"Mia moja ishirini na sita."

Dakika kumi. "Sabini na nane."

Mboni alijibanza ukutani, macho kwenye matundu ya nyua, moja baada ya jingine. Maji ya mvua tu. Shati lilikuwa limemgandia. Dakika kumi na tano.

"Hamsini na mbili. Mstari unatii, Sajini."

"Uambie uache kutii."

Mtaro sasa ulikuwa umejaa hadi ukingoni, unavuta majani, maganda ya machungwa, kandambili moja. Dakika kumi na saba. Kumi na nane. Hapakuwa na kitu. Mboni alianza kufikiri kwamba mtu aliyeua mtoto kwa bahati mbaya hawezi kurudia. Kwamba hakuna moyo wa namna hiyo. Halafu harufu ikampiga usoni, ya chumvi, ya mafuta ya taa, na ya ile nyingine.

"Sajini!" Devendra alikuwa amesimama, mwavuli umeanguka. "Mia mbili! Mia tatu! Mshale umefika mwisho!"

"Chota! Bandika saa!"

Mboni alikwisha kukimbia. Tundu la nne kutoka juu lilikuwa linatapika maji meusi. Aliuzunguka ukuta, akasukuma lango kwa bega.

Wanaume wawili kifua wazi, matambara puani, walikuwa wanapokezana ndoo kutoka shimoni hadi ukutani, ambapo tofali mbili zilikuwa zimeng'olewa. Kando yao, chini ya mwavuli, kofia safi kichwani, alisimama mwenye nyumba akiwahimiza kwa fimbo.

Ndoo zikasimama hewani.

"Shikamoo, Mzee Kitwana," alisema Mboni.

"Marahaba," mzee akajibu, maana mdomo ulizoea; kisha uso ukamshuka.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mpakuzi mmoja aliweka ndoo chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Alhamisi pia, saa tatu na dakika ishirini," alisema Mboni. Haikuwa swali.

"Nyumba hii ina wapangaji thelathini na wawili," alisema Kitwana. "Shimo moja. Gari la kunyonya nimeliomba tangu Januari. Ulitaka niwaambie watu wabane? Kila nyumba mtaa huu hungoja mvua, binti. Nenda kawafunge wote."

"Ni kweli, mzee. Lakini si kila nyumba imetia saini kwamba ilimwona Benedikta akichota mtaroni."

Mzee aliuinamisha mwavuli, uso ukafichika.

"Jioni ile ulisikia watu wanahara, ukajua. Kabla ya daktari, kabla ya polisi, ulijua. Ungesema bomba lifungwe, usiku ule ule. Ukachagua mtu asiye na ndugu hapa mjini, mgeni wa kusini, ukamtupia."

"Yeye mwenyewe amekiri!"

"Amekiri lililo lake. Sasa wewe sema lililo lako."

Kitwana aliangalia ukuta, tundu, maji yanayokwenda zake Gerezani bila kumngoja. "Sikujua kuhusu bomba," alisema mwishoni. "Kuhusu ule ufa sikujua, mpaka nilipoona ni wanywaji wa ukwaju tu. Ndipo nikaelewa. Na nilipoelewa, mtoto alikuwa bado hai."

Mboni alitia mkono mfukoni kutafuta pingu, akakumbuka ziko kwenye bomba. Akamshika mzee mkono wa nguo, wakatoka wote wawili mvuani, chini ya mwavuli mmoja.

*

Inspekta Bakili alisoma kurasa tatu za maelezo, akatazama chupa mbili za Devendra zimesimama mezani, ya nne ya Alhamisi na ya nne ya leo, rangi moja. Hakusema kitu juu ya Mnazi Mmoja. Alivuta droo, akampa Mboni ufunguo wa mahabusu.

Benedikta alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kanga kichwani.

"Simama, mama. Unaenda nyumbani."

Alisikiliza habari yote bila kukatiza. Mboni alipomaliza, mwanamke akainuka.

"Mzee Kitwana alikuwa anakunywa kwangu kila siku," alisema. "Kikombe kimoja adhuhuri, hakosi. Alhamisi alipita, akasema tumbo limejaa."

Mboni alitoa daftari, akaandika hilo. Kwenye maelezo ya mzee, kuelewa kulikuja jioni; kikombe alikikataa adhuhuri. Daftari likarudi mfukoni kwa shida.

"Hata hivyo sikuchemsha," Benedikta akaendelea.

"Hukuchemsha."

"Msilifute."

"Halifutwi. Utalijibu kwa Bwana Afya, siyo kwa hakimu wa mauaji." Mboni alimfungulia lango. "Kuna gari hapo nje, likufikishe kwako."

"Naenda kwa miguu. Naenda kwa mama yake Josepha."

"Leo? Msiba umejaa watu, mama, na hakuna anayejua bado. Wanakuita mchawi. Ngoja mpaka kesho, habari ya mzee ienee."

"Habari ya mzee itasimuliwa na wengi." Benedikta alijifunga kanga kiunoni, akakaza fundo. "Ile ya mkaa uliolowa, nataka aisikie kwangu."

Akatoka, akaingia kwenye tope la barabara. Mboni alisimama mlangoni akihesabu hatua zake, kumi, kumi na tano. Kisha akachukua kofia, akamfuata nyuma.